Corvette ya zamani au hotirodi? Kwa anayetaka gari ya Kimarekani ya kufungua mwenyewe

Kuna mdogo wangu yuko Houston anaendesha maroli, ana akiba yake na anataka gari moja ya Kimarekani ya zamani, ya kwake, ya wikiendi, na swali lake ni lile ambalo Waswahili wengi wa huku wananiuliza: achukue Corvette au achukue hotirodi? Mi kazi yangu ni bodi na rangi, gari za aina zote mbili zinapita mikononi mwangu na wenye nazo nawajua, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu, maana hapa huchagui gari peke yake, unachagua na watu utakaokaa nao.

Kwa ambao hawajui, hotirodi ni gari ya zamani, mara nyingi Ford ya miaka ya 30, imevuliwa mabampa na kila kitu cha kuongeza uzito, ikashushwa chini, ikafungwa injini yenye nguvu, na mwenyewe kaijenga kwa akili yake. Mambo haya yalikua California, kwa vijana waliokuwa wanakimbiza gari kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage, na kufikia 1937 walishaunda chama cha kusimamia mbio zao, SCTA. Gari wanayoiweka juu ya zote ni Ford ya 1932, kwa sababu ndo gari ya kwanza ya bei ya mwananchi wa kawaida kuja na V8, yaani injini ya silinda nane, inchi za ujazo 221, nguvu farasi (HP) 65. Corvette yenyewe ni gari ya spoti ya Chevrolet, viti viwili, bodi ya faiba, imeanza 1953 na mpaka leo inatengenezwa.

Sasa ukiwauliza watu wa hotirodi kuhusu Corvette watakupa majibu mawili yanayopingana na yote wanayamaanisha kabisa. Injini yake wanaisifia, spea zake wanazisaka, ile ya 1963 yenye kioo cha nyuma kilichogawanyika katikati wataizunguka mara tatu bila kusema neno, alafu mwenye gari akitokea na kitambaa chake cha kufutia vumbi wanaondoka. Mi naona wana haki sehemu fulani na sehemu nyingine wanaionea gari kwa makosa ya watu.

Ukoo ni mmoja

Corvette ya kwanza haikuwatisha. Mwaka 1953 zilitoka 300 tu, zote nyeupe na ndani nyekundu, zimeungwa Flint, Michigan, chini ya boneti injini ya silinda sita HP 150 na giaboksi otomatiki ya gia mbili. Sura ya spoti, ndani mwendo wa kawaida. Kijana ambaye Ford yake ina V8 aliyoichezea mwenyewe kwanini aitamani?

Lakini mwaka huo huo GM, kampuni mama ya Chevrolet, ikamwajiri injinia anaitwa Zora Arkus-Duntov, na huyu bwana kabla ya hapo yeye na ndugu yake walikuwa wanatengeneza silinda hedi za Ardun za kufungwa kwenye ile ile V8 ya Ford, yaani jina lake watu wa hotirodi walishalijua kabla Chevrolet haijamjua. Desemba 1953 akawaandikia wakubwa wake waraka kuhusu vijana, watu wa hotirodi na Chevrolet. Hoja yake ilikuwa kwamba hawa vijana wanakula na kulala Ford, magazeti yao yamejaa Ford, na wakizidi kukua na kupata hela watanunua Ford mpya, kwa hiyo Chevrolet ikitaka kuwapata iwape vifaa vya kuongeza nguvu vilivyokwisha jaribiwa, wavinunue waziwazi kwa dila, na Corvette iwe ndo mlango wa kuanzia.

Na ndivyo ilivyokuja kuwa. 1955 ikaingia V8 mpya ya Chevrolet, inchi 265, ndani ya Corvette ikitoa HP 195. 1957 ikawa inchi 283, na ile ya injeksheni ikatoa HP 283, na kemshafti ya Duntov ukawa unaenda kaunta ya dila unaitaja kwa namba ya spea unaondoka nayo unaifunga kwenye Ford yako ya 1932. V8 ya zamani ya Ford uzalishaji wake kwa gari za Marekani uliisha 1953, mwaka ule ule Corvette ilipozaliwa, na miaka michache baadae hotirodi kibao zilikuwa zinatembea na moyo wa Chevrolet. Kwa hiyo anayekwambia Corvette ni kitu cha watu wengine kabisa, mwambie afungue boneti yake mwenyewe aangalie. Na mwenye Corvette anayewadharau watu wa hotirodi naye ajue gari yake ilinyooshwa na injinia aliyekuwa anawafikiria hao hao.

Bodi

Hapa ndo kwangu. Mtu wa hotirodi anaheshimu chuma, bodi ya asili ya 1932 ya chuma ikija na kutu zake ataihangaikia mwaka mzima, na ukimwambia bodi yako ni faiba ya kunakili anakuangalia tofauti. Hili nimebishana nao sana, maana Corvette zote toka kiwandani ni faiba, wanaikubali hapo na kuikataa kwako. Siku hizi pia kuna bodi mpya za chuma za 1932, kwa mfano wale Brookville wa Ohio wanazitengeneza, kwa hiyo usiogope kwamba usipopata ya asili umekwama.

Uzuri wa chuma ni kwamba matatizo yake unayaona. Unachomelea, unanyoosha, unapiga msasa, unajua ulipo. Faiba inadanganya. Corvette inaweza kung'aa kama imetoka jana alafu chini yake chesi ya chuma imeliwa, na kuanzia zile za 1963 mpaka 1982 kuna fremu ya chuma imezunguka chumba cha abiria, imefunikwa na faiba, na hiyo ikioza hutaiona kwa macho ya kawaida. Ukienda kukagua toa mapambo ya pembeni ya kioo cha mbele uangalie nguzo zake, shika chini ya dashibodi kwenye pembe, kisha lala chini ya gari uangalie chesi pale inapopanda mbele ya matairi ya nyuma, gonga na bisibisi, ukisikia sauti imebadilika au inaingia, ondoka. Rangi isikushawishi hata kidogo, rangi napulizia mimi na najua inaficha nini. Nyufa ndogo za nyota kwenye kona za boneti hizo hazitishi, zinatengenezeka, ila ukiona mawimbi kwenye mstari ambapo paneli zimeungana ujue ilishagongwa na aliyeitengeneza alikuwa na haraka.

Kuendesha

Kwa kifupi, Corvette inashinda, na inashinda kwa mbali kuanzia 1963 kwa sababu matairi ya nyuma yanajitegemea kila moja, na zaidi kuanzia 1965 ilipopewa breki za diski matairi yote manne. Zile za 1953 mpaka 1962 zina ekseli moja nzima nyuma na breki za dramu, zinadunda kwenye barabara mbovu, zinataka mikono. Angalizo, kalipa za hizo diski za 1965 mpaka 1982 zinapata kutu ndani zikikaa bila kutumika na mafuta ya breki yanavuja, dawa yake ni kalipa zilizowekewa mfuko wa stenlesi ndani, usikubali nusu dawa.

Hotirodi inategemea nani kaijenga. Hii ndo hatari yake na ndo utamu wake. Ford ya 1932 ilitoka na breki za fimbo, za mafuta Ford walianza 1939, kwa hiyo kila hotirodi breki zake zimetoka kwenye gari nyingine, usukani umetoka kwingine, difu kwingine, na kama aliyeunganisha alikuwa fundi kweli utaendesha Houston mpaka Dallas bila wasiwasi, kama alikuwa anabahatisha utahisi gari inatafuta mtaro. Usinunue hotirodi ambayo hujaiendesha kwa mwendo wa hailwei. Hakuna mjadala hapo.

Na wakati tuko hapo hapo, mtu wa hotirodi ana mazoea ya kuchukua Corvette iliyogongwa akatoa uhai wake akauweka kwingine. Miguu ya alumini ya Corvette za 1984 mpaka 1996 utaikuta chini ya pikapu za Chevrolet za miaka ya 50, na ile injini ya alumini ya LS1 iliyoanza na Corvette ya 1997, HP 345, ndugu zake leo wako kila mahali mpaka kwenye Ford, jambo ambalo wazee wa Ford linawauma na nawaelewa.

Namba, na hapa ndo ugomvi wenyewe ulipo

Nyumbani tunajua injini namba na chesi namba zikitofautiana na kadi ya gari una kesi. Kwenye Corvette ni zaidi ya hapo, ni bei. Gari ambayo injini yake ndo ile ile iliyotoka nayo kiwandani na isiyo nayo zinaweza kufanana kwa kila kitu unachokiona na bei zikaachana vibaya sana. Namba zinapigwa kwenye bloku mbele, upande wa abiria, chini kidogo ya silinda hedi, na kuanzia 1960 hapo kuna na sehemu ya namba ya gari yenyewe, kwa zile za kabla ya hapo huwezi kuthibitisha kwa njia hiyo, kwa hiyo muuzaji wa 1958 anayekuapia kwamba namba zinalingana mwombe akuonyeshe anamaanisha nini. Na kwa sababu kuna hela, kuna wanaokwangua na kupiga namba upya. Uso wa bloku wa kiwandani una mistari myembamba ya mashine iliyonyooka, ukikuta pamekuwa laini kama kioo au mistari imelala vingine, hapo pamechezewa.

Kuna chama cha wenye Corvette kinaitwa NCRS, kipo tangu 1974, wanapima gari kwa kuilinganisha na ilivyotoka kiwandani, alama za chaki, klipu za mipira ya rejeta, tarehe zilizopigwa kwenye alteneta, na ukipata kuanzia asilimia 94 unapewa tuzo yao iitwayo Top Flight. Kizuri ni kwamba hata ukiipendezesha kupita kiwanda unakatwa. Mi nawaheshimu sana hao, wametunza elimu ambayo ingepotea, nikikwama rangi fulani ya 1966 inapuliziwa mpaka wapi ndo wao ninaowauliza, na wananijibu kwa upole.

Ila hebu kaa upande wa mtu wa hotirodi. Miaka ya 60 Corvette ilikuwa gari ya kukimbizia. Watu walipanua matao ya matairi kwa msumeno, walitoa injini wakaweka kubwa zaidi, wengine wenye 1963 walikata ile nguzo ya kioo cha nyuma wakaweka kioo kizima cha 1964 kwa sababu walikuwa hawaoni nyuma, na kipindi hicho hakuna aliyewaona wajinga. Zilitengenezwa 10,594 tu zenye kioo kile, leo ukigusa moja kwa msumeno watu watakulaani. Mwaka 2014 Corvette ya 1967 yenye injini ya L88, aina ambayo zilitoka 20 tu, iliuzwa mnadani Scottsdale, Arizona, kwa dola milioni 3.85. Baada ya bei za namna hiyo mwenye gari wa kawaida kabisa naye anaanza kuogopa kubadilisha hata kabureta, gari inalala, inasafirishwa kwa trela, inaenda kwenye maonyesho inarudi. Mtu wa hotirodi anaona gari iliyojengwa kwa ajili ya watu kama yeye imegeuzwa hati ya benki, na hapo mi niko naye asilimia mia. Mwaka 1978 ndo ilionekana wazi, toleo la kumbukumbu la mbio za Indianapolis lilitoka gari 6,502, watu wengi wakazinunua wakazifungia na plastiki kwenye viti wakisubiri utajiri, na kwa sababu kila mtu alifungia ya kwake utajiri haukuja.

Watu

Utasikia wanasema mwenye Corvette ni mzee wa cheni ya dhahabu amenunua ujana. Wapo, nimewapigia rangi. Sifa hiyo ya gari ya washindi ilijengwa mapema, wale wanaanga wa Marekani wa miaka ya 60 dila mmoja wa Florida alikuwa anawakodishia Corvette kwa dola moja tu kwa mwaka, na wale watatu wa Apollo 12 walikuwa na Corvette tatu za dhahabu zinazofanana. Lakini wengi ninaowajua mimi ni mafundi umeme, walimu wastaafu, mama mmoja nesi aliyeinunua ya 1972 akiwa binti na hajawahi kuiuza, gari ina alama zake zote na anaendesha kwenda sokoni. Mwenye Corvette akikutana barabarani na mwenye Corvette mwingine watapungiana mkono, ni desturi yao, na ukiharibikiwa njiani atasimama.

Watu wa hotirodi wanakupokea kwa swali moja, umejenga mwenyewe? Ukisema ndiyo, hata kama kazi yako bado mbichi, watakukalisha chini wakuelekeze, watakupa spea bure, watakuja Jumapili na mashine yao ya kuchomelea. Ukisema umenunua ikiwa tayari watakuwa na adabu tu. Mswahili mgeni anayetaka kujifunza ufundi hakuna shule nzuri kuliko hao, nasema kwa moyo wote, mengi ninayoyajua nimeyapata kwenye gereji zao za nyuma ya nyumba. Ubaya wao ni kwamba wamejiwekea sheria nyingi za nani wa kweli na nani si wa kweli, gari ya chuma au faiba, injini ya Ford au Chevrolet, rangi ya kung'aa au praima, na kijana anaweza kukata tamaa kabla hajaanza. Kwa hilo hawana tofauti na hao wa Corvette wanaowacheka kwa kuhesabu klipu.

Sasa uchukue ipi

Ukiwa na hela, hutaki kuchafuka, na unataka gari itunze thamani, chukua Corvette ya 1963 mpaka 1967 yenye namba zake na karatasi zake, lipa mtu wa NCRS aikague kabla hujatoa hata senti, alafu iache kama ilivyo. Usiiguse kabisa. Kama roho yako haitakubali kuacha kuigusa basi hiyo gari si yako, mwachie mwingine.

Ukiwa na mikono na hela ya wastani, na hapa namjibu mdogo wangu moja kwa moja, tafuta Corvette ambayo injini yake ya asili ilishapotea. Watu wanazikimbia, bei inashuka, na wewe ndo unapata uhuru. Zile za 1973 mpaka 1982 ziko nyingi sana, mwaka 1979 peke yake zilitoka 53,807, na injini zake nyingi zilibanwa na sheria za moshi mpaka ile ya kawaida ya 1975 ikawa na HP 165 tu, kwa hiyo ukiitoa ukaweka V8 nzuri hujaharibu urithi wa mtu yeyote na mtu wa hotirodi atakuja kukushika mkono. Hakikisha tu fremu haijaoza kama nilivyoeleza, na uulize sheria za moshi za jimbo lako kwanza, maana Texas na California si kitu kimoja.

Hotirodi chukua kama unachotaka hasa ni kujenga. Anza na bodi na chesi, jenga taratibu, tunza kila risiti na kila picha, kwa sababu bima ya gari ya namna hii ni ya thamani mnayokubaliana na bila ushahidi watakukadiria chini. Angalia na hati: gari iliyoandikwa Ford 1932 ambayo bodi na chesi ni mpya zote inaweza kukuletea shida wakati wa kusajili, kila jimbo na utaratibu wake, California kwa mfano wana nafasi 500 tu kwa mwaka za gari za kujengwa zinazosamehewa vipimo vya moshi.

Thunderbird ya Ford ya 1955 mpaka 1957 watu wanaitaja sana, ni ya chuma, ina V8, na mwaka wake wa kwanza iliuza 16,155 wakati Corvette zilitoka 700, ila Ford wenyewe hawakuijenga iwe ya spoti na ukiiendesha unajua, ni gari ya matembezi. Cobra ya asili sahau bei yake, ya kunakili ni nzuri na inafurahisha, bodi ya Kiingereza na V8 ya Kimarekani toka mwanzo ilikuwa hotirodi tu yenye suti.

Kwa wanaofikiria kuipeleka nyumbani baadae, Corvette zote toka 1953 mpaka kizazi cha saba zilitoka na usukani kushoto, kiwanda kilianza usukani wa kulia na hii ya kizazi cha nane, na Kenya gari iliyotumika ikizidi miaka 8 kwa kawaida haiingii. Nunua ya kuendeshea huko uliko.

Mdogo wangu, ukipata ya 1976 au 1977 hapo Texas ambayo haijakaa kwenye majimbo ya theluji wanakomwaga chumvi barabarani, nitumie picha za nguzo za kioo cha mbele na za chesi mbele ya matairi ya nyuma, picha za rangi usihangaike nazo.